Mazishi ya Mpakawanja

Hapo zamani za kale, wakati viazi vilikuwa na majina kama watu na wanyama walikuwa na majiko kama haya yetu, aliishi bondeni pimbi mmoja, peke yake. Jina lake Subilaga. Pimbi mnamjua? Mdogo, mnene kidogo, hana mkia. Msicheke. Na ninyi mkia mnao?

Subilaga hakuzaliwa bondeni. Alizaliwa juu kabisa milimani, kule ambako asubuhi ukifungua mlango baridi inaingia kabla yako. Aliolewa akashuka bondeni, mume akaenda kutafuta maisha akasahau njia ya kurudi, basi, habari za mume zimeishia hapo. Msiniulize zaidi.

Wala aliyemtesa Subilaga si huyo mume. Kilichomtesa kilikuwa kiazi.

Ndiyo, kiazi. Huko kwao mama yake alikuwa na bustani nyuma ya nyumba, na katika bustani ile aliotesha aina moja ya kiazi ambayo haikuwepo kwingine. Kiliitwa Mpakawanja. Ganda lake jeupe, lakini kila jicho limezungukwa na rangi ya zambarau, utadhani kimekaa mbele ya kioo kikajipaka wanja. Ukikifukia kwenye majivu ya moto, kinapasuka chenyewe, pwa, na ndani ni njano, na harufu inafika kwa jirani kabla hujamkaribisha. Mama alikuwa akimmenyea mwanawe, akikipuliza, akimpa kipande kwa kipande.

Kisha mama akafa. Ilikuwa masika, mto umekata njia, na Subilaga alipofika matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Hakumzika mama yake. Hakumwaga hata konzi moja ya udongo. Tangu siku hiyo, akiona tu moshi wa jioni unapanda, moyo wake nao unapanda milimani. Alimtamani mama. Alikitamani kile kiazi. Na kwa kuwa mama hawezi kurudi, akakitamani kiazi mara mbili.

Viazi vya bondeni havikumsaidia. Vilikuwa vidogo kama gololi, vimejaa maji, ladha hakuna. Mnajua kwa nini? Wanyama wa bondeni walikuwa na desturi yao. Wakivuna, vikubwa vyote vinaingia chunguni. Vile vidogo vilivyosalia, vyenye makovu, vilivyotoka kwenye mashina magonjwa, ndivyo wanavyopanda. "Kikubwa cha tumbo, kidogo cha shimo," ndivyo walivyosema, na wakajiona wana akili. Kila mwaka viazi vikawa vidogo kuliko mwaka jana, na kila mwaka wakailaumu ardhi.

Desturi ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Iliitwa mwonjo. Bonde lilikuwa na wakubwa wawili, Nguruwe-mwitu, aliyeitwa Mzee Mwakalobo, na Nyati, aliyeitwa Ambilikile. Hao walisema kwamba kitu chochote kipya kikiingia bondeni lazima wao waonje kwanza, ati wanalinda afya ya wananchi. Mzee Mwakalobo alikuwa anaonja mpaka mwiko unagonga chini ya chungu. Ambilikile yeye, akizidiwa na utamu, alikuwa anaonja na chungu.

Sasa siku moja mchana, Mbega akashuka kutoka milimani, tawi kwa tawi, tika tika tika, ana kikapu shingoni.

"Hodi kwa dada Subilaga."

"Karibu kaka. Za huko juu?"

"Huko ni salama. Mama yako mdogo anakusalimu. Anasema bustani ya marehemu imekuwa pori, nungunungu wameingia wamekula mpaka mizizi. Viazi hivi ndivyo alivyowahi kuokota. Viko kumi na viwili. Huko kwetu havipo tena, dada. Usipoviotesha wewe, Mpakawanja ameisha duniani."

Subilaga akafunua kikapu. Vilikuwa vimelala kwenye majani makavu, vimepaka wanja wao. Akachukua kimoja akakinusa, akakiweka shavuni. Akakaa pale pale mlangoni, akalia.

"Dada, mimi nimeleta salamu," akasema Mbega, "sikuleta msiba."

"Niache kaka. Ni miaka saba."

Mbega akamwacha alie kidogo, kisha akakohoa. "Ila kuna jambo. Njiani nimepishana na Mzee Mwakalobo. Ameniuliza kikapuni mna nini."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia viazi. Mimi uongo sijauzoea."

"Ungeanza leo," akasema Subilaga.

Mbega akaaga akarudi zake. Subilaga akabaki na viazi vyake kumi na viwili na mawazo elfu. Akivificha chini ya kitanda, pua ya Nguruwe-mwitu itavifikia hata chini ya mlima. Akivipanda leo, jioni Nguruwe-mwitu atakuja kulifukua shamba lote kwa pua hiyo hiyo, maana pua ya nguruwe ni jembe la kuzaliwa nalo. Akiviacha mezani, mwonjo.

Akajiuliza, mama alikuwa anafanyaje na mbegu? Akakumbuka. Mama hakuwa anaweka mbegu gizani. Alikuwa anaitandaza juu ya uchanja, chini ya upenu, penye mwanga lakini si kwenye jua kali, wiki mbili, wiki tatu, mpaka viazi vigeuke kijani na macho yatoe machipukizi mafupi magumu. Na Subilaga akiwa mtoto mjinga kama baadhi yenu, alipotaka kuchukua kimoja akachome, mama alimpiga kofi mkononi. Cha kijani ni cha kupanda, alimwambia. Ukikila kitakukata tumbo.

Subilaga akafuta machozi. Akasimama, akajenga uchanja.

Hajamaliza kuvitandaza, Nguruwe-mwitu huyo, pua mbele, tumbo nyuma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nasikia harufu ya mgeni hapa."

"Ni viazi baba, vimetoka kwetu."

"Vizuri. Washa moto. Mwonjo."

"Hakuna shida baba. Ila hivi ni vya milimani. Vimetoka kwenye baridi, hebu viguse, bado vina ubaridi. Kwetu kiazi kikitoka safari huwekwa kwenye mwanga kwanza kipate joto. Ukikila hivi hivi, ladha yote imebaki huko kilikotoka."

"Kwa muda gani?"

"Wiki tatu tu."

"Wiki tatu. Namsubiri kiazi wiki tatu, kwani ni mchumba?"

"Ndizi si unaisubiri, baba?"

Nguruwe-mwitu akafikiri. Ndizi kweli huwa anaisubiri, maana siku moja alikula mbichi ikamkaba kooni mpaka akaona nyota mchana. "Haya," akasema. "Lakini nahesabu. Moja, mbili, tatu..." Akahesabu mpaka kumi na mbili, akarudia tena. "Nikirudi nikute kumi na viwili. Kikipungua kimoja, nitakuonja wewe."

Akaondoka. Kila siku ya tatu akawa anapita kuhesabu. Na kila alipopita, viazi vilikuwa vimebadilika. Ule weupe ukaingia ukijani, mara kijani chenyewe, na kwenye kila jicho pakaanza kuchomoza kitu kama pembe ndogo ya zambarau.

Wiki ya tatu ilipotimia akaja na Nyati. Wakamkuta Subilaga amejifunga kanga kichwani, ameshika shavu.

"Kuna nini?" akauliza Nguruwe-mwitu.

"Baba, vinaumwa. Hebu vione. Vimegeuka rangi, vimeota pembe. Msivile, nawaomba. Vitawadhuru."

Sikilizeni vizuri hapo. Kwamba vitawadhuru, Subilaga alikuwa anasema kweli tupu, na alijua kwamba hawatamwamini, kwa sababu mlafi akiambiwa usile husikia kitu kingine kabisa.

Nguruwe-mwitu akamgeukia Nyati, wakacheka, kho kho kho. "Umemsikia? Anataka tukate tamaa tuondoke, abaki ale peke yake. Mwanangu, mimi nimezeekea kwenye mambo haya. Nichomee kimoja."

"Baba, nakuapia."

"Nichomee."

Subilaga akachagua kile kilichokuwa kibovu kibovu upande mmoja, akakichoma. Uchungu aliokichoma nao haukuwa wa kuigiza, maana kila kimoja kilikuwa cha mama. Nguruwe-mwitu akakitupa chote kinywani. Akatafuna mara moja. Akatafuna mara ya pili. Uso ukamkunjamana, masikio yakalala, machozi yakamtoka.

"Vipi mzee?" akauliza Nyati.

Nguruwe-mwitu alitikisa kichwa tu.

"Ahaa," akasema Nyati. "Unakunja uso ili nisile. Nakujua wewe. Dada, nichomee na mimi, tena kikubwa."

"Kaka Ambilikile, mwenzio umemwona."

"Nimemwona sana. Nichomee."

Akachomewa. Akala. Na yeye akakunja uso. Haikupita muda mrefu, matumbo yakaanza mazungumzo, nguruu, nguruu, moja linauliza na jingine linajibu. Wale wakubwa wawili wakatazamana, kisha kila mmoja akashika njia yake ya vichakani, na kwa heshima ya wanaokula humu ndani sitasema zaidi.

Kesho yake wakarudi, macho yameingia ndani.

"Hiyo ni sumu," akasema Nguruwe-mwitu. "Ikatupwe mtoni leo hii."

Subilaga moyo ukamruka. Kumi vilivyobaki, mtoni. Akajikaza.

"Baba, tukivitupa mtoni si tutavinywa sote?"

"Basi vichomwe moto viwe majivu."

"Na moshi wake? Utaingia puani, na pua kubwa hapa ni yako."

Nguruwe-mwitu akaishika pua yake. "Sasa tufanye nini, wewe mwenye viazi?"

"Kwetu milimani kiazi kikifa kwa ugonjwa huu huzikwa. Huzikwa kwa heshima zote, na wenye nguvu wa mji ndio wanaochimba. Kisipozikwa vizuri, maumivu ya tumbo humrudia aliyekila kila mwezi mwandamo."

Nyati akalishika tumbo lake. "Tutachimba," akasema upesi.

Wanangu, mazishi yalikuwa makubwa. Subilaga alisimama bustanini na fimbo, akionyesha. Nguruwe-mwitu akalima kwa pua, fuu fuu fuu, Nyati akavuruga mabonge kwa pembe na kuyasaga kwa kwato, mpaka ule udongo mgumu wa bondeni ukawa laini kama unga. Matuta mawili marefu yakainuka.

"Sasa rambirambi," akasema Subilaga.

"Rambirambi ipi?"

"Kwetu milimani, rambirambi ya msiba wa kiazi ni samadi iliyokauka."

Nyati akashusha pumzi. "Hiyo ninayo," akasema, akaenda akaileta, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akasifiwa kwa ukarimu. Ikachanganywa na udongo.

Vikaletwa viazi kumi juu ya jani la mgomba. Subilaga akawa anavilaza kimoja kimoja, kina cha kiganja, kati ya kimoja na kingine hatua moja ya Nguruwe-mwitu.

"Mbona unavilaza hivyo, hizo pembe zimeangalia juu?"

"Ndivyo tunavyowalaza kwetu. Wanatazama walikotoka."

Nguruwe-mwitu akavua kofia yake ya majani akaishika mkononi. Alikuwa mlafi, lakini msibani alijua kusimama. Baada ya muda akauliza, kwa sauti ya chini, "Na mama yako mlimzika hivi hivi?"

Subilaga hakulitegemea swali hilo. Alikuwa amejipanga kwa maswali yote, isipokuwa hilo.

"Sikuwepo, baba," akasema. "Mto ulijaa. Nilifika wameshaanua matanga. Sijui walimzikaje."

Akachukua konzi ya udongo akaimwaga juu ya kiazi cha kwanza, halafu akaanza kulia. Si kilio cha hila. Alilia kama mtu aliyekuwa na deni la kilio miaka saba. Alimwita mama yake kwa jina, akamwambia kwamba alikuja mbio, akamwambia kwamba mto ulikuwa mkubwa na yeye ni mdogo. Nyati akageuka akatazama pembeni. Nguruwe-mwitu akavuta kamasi, akamshika bega kwa kwato yake kubwa, akamwambia, "Pole mwanangu. Lia tu. Lia." Wakamsaidia kufukia mpaka mwisho.

Mvua ikanyesha, jua likawaka. Wiki ya tatu Nyati alikuwa anapita kando ya bustani anajipitia, akatupa jicho kwenye matuta. Alichokiona kikamfanya arudi mbio, vumbi juu, gidi gidi gidi, mpaka kwa Nguruwe-mwitu.

"Mzee, wametoka!"

"Nani wametoka?"

"Marehemu. Wanachungulia. Wametoa vidole nje."

Wakaja wote wawili, wamesimama mbali, shingo ndefu. Kweli, kwenye matuta kulikuwa na vijani vidogo vimekunjana kama ngumi. Subilaga alikuwa amepiga magoti kati yake, na moyoni alikuwa na furaha isiyo na pa kwenda, lakini usoni hakuonyesha.

"Msiogope," akawaambia. "Huwa wanapata upweke, wanataka kurudi. Subirini wafike shubiri moja, halafu tuwafunike udongo mpaka shingoni."

"Tuwafunike leo," akasema Nyati.

"Leo hapana kaka, tutawaudhi."

Walipofika shubiri moja, wakubwa wakaja na jasho lao wakapandishia udongo. Baada ya wiki mbili nyingine wakapandishia tena, na safari hii hakuna aliyewaita, walikuja wenyewe. Shina moja majani yake yakanyauka ghafla, Subilaga akaling'oa na udongo wake akalipeleka mbali na bustani, na ingawa lilikuwa moja tu, siku ile hakula.

Kisha yakatoka maua. Zambarau na nyeupe katikati. Nguruwe-mwitu akapita akayaona.

"Kwenu milimani makaburi yanajiwekea na maua?"

"Wakiridhika, ndiyo baba."

"Na hivi vijiti umechomeka vya nini?"

"Alama za wakubwa wao."

Hapo pia hakudanganya sana. Alikuwa anatembea kati ya mashina, anatazama lipi limenyooka, lipi lina majani mapana yasiyo na madoa, na hilo ndilo analichomekea kijiti, ili akivuna ajue mbegu ya mwakani itoke wapi. Mama alikuwa anafanya hivyo. Subilaga alikuwa ameona tu, hakuwahi kufundishwa, na kila kijiti alichochomeka alitamani pawepo mtu wa kumwambia hapo sawa, hapo umekosea.

Mwezi ukapita, majani yakageuka njano, yakalala, yakakauka.

"Sasa wamekufa kweli," akasema Nyati. "Mungu awalaze pema."

"Amina," akasema Subilaga.

Akangoja wiki mbili zaidi, ganda likomae. Wale wakubwa hawakukanyaga tena bustani ile, maana nani anapenda kuzurura makaburini? Ndipo asubuhi moja njema Subilaga akaingia na kijiti chake cha kuchimbia. Akachomeka, akainua. Pukupuku, pukupuku. Mpakawanja. Wakubwa kama ngumi ya nyani, wasafi, na macho yao yamepakwa. Kwenye shina moja kumi na mmoja, kwenye jingine kumi na wanne. Alipofika shina la tatu alishindwa kuendelea, akakaa akawashika tu.

Sasa ninyi mngefanyaje? Mngekimbilia chungu, nawajua. Subilaga alianza na mashina yenye vijiti. Vile vikubwa vizuri vya humo hakuvila. Akavitia kwenye vikapu, akaita wadogo wa bonde: Panya, Digidigi, Kanu, Komba, akawagawia kila mmoja sita sita. Kikapu kimoja akampa Mbega, aliyekuwa ameshuka tena, ampelekee mama mdogo milimani.

"Dada," akasema Panya, amekumbatia kiazi kinachomshinda, "hiki kikubwa nikipande, halafu nile nini?"

"Kula vile vidogo."

"Lakini kikubwa ni cha tumbo."

"Mkubwa anazaa mkubwa, Panya. Mmepanda vidogo miaka yote hiyo, mmevuna nini? Mwaka huu vumilia. Na kabla ya kupanda, vitandaze upenuni, vipate mwanga mpaka viwe kijani. Hata Mzee Mwakalobo akivikuta hapo, atapita mbali."

Wakaondoka kimya kimya, kila mtu na bustani yake.

Vilipobaki vya kula tu, Subilaga akawasha moto. Akafukia viwili kwenye majivu, akakaa akingoja. Vikapasuka, pwa, pwa. Harufu ikatoka mlangoni, ikavuka bustani, ikafika pale inapofika harufu siku zote.

"Hodi," ikasema pua ya Nguruwe-mwitu kabla Nguruwe-mwitu mwenyewe hajafika.

"Karibu baba. Karibu uonje."

Alimkaribisha mwenyewe, akamenya kimoja, akakipuliza, akampa. Nguruwe-mwitu akakitia kinywani chote. Taya zikaenda mara moja zikasimama. Macho yakafumba.

"Subilaga."

"Naam baba."

"Hiki ni nini?"

"Mpakawanja."

"Umekipata wapi?"

"Ni wale tuliowazika."

Nguruwe-mwitu akafumbua macho. Akatazama nje, akaona matuta yamefukuliwa. Akatazama moto. Akameza, maana kutema pia hakuweza.

"Yale makaburi niliyochimba," akasema taratibu.

"Matuta, baba."

"Rambirambi ya Ambilikile."

"Mbolea."

"Kuwafunika mpaka shingoni."

"Kupandishia udongo. Usipofanya hivyo kiazi kinachungulia juani, kinakuwa kijani, na ukila cha kijani unakijua kinavyofanya."

"Na kofia nilivua!"

"Hiyo ulivua mwenyewe baba. Mimi sikukwambia."

Manyoya ya mgongoni yakasimama, pua ikafura, ardhi ikatetemeka chini ya kwato. "Vingine viko wapi? Vilete vyote hapa. Vyote."

"Havipo, baba. Viko kwa Panya, viko kwa Digidigi, kwa Kanu, kwa Komba, viko kwa mama mdogo milimani. Wakivuna na wao watawagawia wenzao. Utafukua bustani ngapi?"

Nguruwe-mwitu akageuka akalitazama bonde. Akajaribu kuhesabu nyumba, akachoka njiani. Alikuwa mzee, magoti yanamuuma, na kinywani bado kulikuwa na utamu ambao hakuwahi kuupata maisha yake yote. Akakaa chini, pu.

Alipofungua kinywa tena, sauti haikuwa ya mkubwa wa bonde.

"Mimi siku ile nilikuonea huruma, mwanangu. Nilikuhurumia kweli kweli. Nilikwenda nyumbani nikamkumbuka mama yangu, na chakula nikakiacha, mimi. Sasa niambie. Yale machozi nayo yalikuwa ya kunidanganya?"

Subilaga alikuwa ameshika kile kiazi cha pili, anakigeuza, maana kilikuwa cha moto.

"Hapana baba," akasema. "Mengine yote nilikudanganya. Machozi yalikuwa ya kweli. Siku ile ndiyo niliyomzika mama."

Nguruwe-mwitu akainamisha kichwa. Subilaga akakimega kiazi akala. Ladha ilikuwa ile ile, haijapungua hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyomuuma, kwa sababu kiazi kilikuwa kimerudi na mama hakurudi. Alikula chote pamoja na ganda, akilia, na yule mzee mlafi akakaa naye mpaka alipomaliza, hakuomba hata kipande.

Hapo ndipo ninapoitua hadithi hii, wanangu, na neno lake ni moja: usichotaka kipotee, kigawe kingali mkononi mwako.